Kabla ya Kukata Tiketi ya Treni, Tazama Mwezi

Mkaazi wa Nairobi huchagua tarehe ya kwenda pwani kwa mambo matatu: mshahara umeingia lini, shule zimefungwa lini, na tiketi za treni ya SGR zimebaki siku gani. Halafu anafika Diani au Kanamai, anaamka saa nne asubuhi na watoto wake wakiwa na ndoo, na anakuta maji yamejaa hadi kwenye ukuta wa hoteli. Miamba aliyoona kwenye picha haipo. Jioni maji yanarudi nyuma kidogo, yanaacha mchanga uliolowa na mwani uliooza, basi. Anarudi Syokimau akiamini kwamba vidimbwi vya miamba ni hadithi za watangazaji wa utalii.

Miamba ilikuwepo. Kilichokosewa ni wiki. Katika pwani ya Kenya, siku ambayo mwamba unaanikwa wazi na saa ambayo unaanikwa vinaweza kujulikana ukiwa bado sebuleni kwako Umoja au Lang'ata, na kipimo kikuu ni mwezi wa angani.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa karibu saa 24 na dakika 50. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika kumi na mbili. Zile dakika 50 za ziada zinatokana na mwezi kusogea katika njia yake huku dunia ikijizungusha, kwa hiyo dunia inahitaji muda kidogo zaidi kuufikia tena. Jua nalo huvuta maji, ila nguvu yake ni pungufu kidogo ya nusu ya ile ya mwezi. Jua, dunia na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja, yaani mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, mivuto hiyo miwili hushirikiana: maji hujaa sana na hupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kila mmoja upande wake, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupungua. Hayo ndiyo maji mafu. Kutoka bamvua hadi maji mafu ni kama siku saba, kisha siku saba nyingine hadi bamvua inayofuata.

Bamvua haifiki kilele usiku uleule wa mwezi mpevu. Huchelewa siku moja au mbili, kwa sababu maji mengi kiasi kile hayageuki ghafla. Ukitaka siku bora kuliko zote, hesabu siku ya pili baada ya mwezi mpevu au mwandamo.

Mombasa maji ya bamvua yana tabia moja ambayo wavuvi wanaijua bila karatasi: hupwa kabisa asubuhi, kati ya saa nne na saa sita kasoro, na hujaa mwendo wa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Maji mafu ni kinyume chake. Saa nne asubuhi utayakuta yamejaa, na hupwa alasiri, tena hupwa kidogo. Kwa maneno mengine, saa ya kupwa na kina cha kupwa vimefungwa pamoja. Hakuna siku ya bamvua ambayo maji yatakupwa saa kumi jioni, kwa hiyo anayekuahidi matembezi ya mwambani "jioni jua likipoa" hajatazama mwezi.

Kalenda ya Kiislamu inafuata mwezi, na hilo linampa msafiri njia ya mkato. Idd-ul-Fitr huangukia mwezi ukiwa umeandama tu, kwa hiyo siku hiyo na siku mbili zinazofuata ni bamvua, kila mwaka bila kukosa. Idd-ul-Hajj ni siku ya kumi ya mwezi: maji bado mafu, au ndiyo kwanza yanatoka humo. Pasaka nayo ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa majira hayo, kwa hiyo inaweza kuwa siku moja baada ya mwezi mpevu au hata siku saba. Mwezi ukiwa mpevu Alhamisi Kuu au Ijumaa Kuu, umepata wikendi nzuri kuliko zote za mwaka, maana bamvua za karibu na Machi na Septemba, wakati jua liko juu ya ikweta, ndizo kubwa zaidi. Ukiwa mpevu Jumatatu iliyotangulia, utapata maji mafu na foleni ya Mtwapa.

Kusoma jedwali la maji

Jedwali la kujaa na kupwa linalotegemewa na vyombo ni la Kilindini, Mombasa, ambalo hutolewa na Halmashauri ya Bandari ya Kenya (KPA). Programu nyingi za simu zinatoa makadirio ya namna hiyohiyo. Kwa matembezi, saa za Kilindini zinafaa kutoka Shimoni hadi Malindi. Tofauti ni ya dakika chache. Ndani ya hori na mikono ya bahari iliyoingia nchi kavu, kama Mida, maji huchelewa zaidi kwa sababu lazima yapite mlango mwembamba kwanza.

Jedwali linaonyesha safu mbili: saa na urefu wa maji kwa mita. Urefu huo hupimwa kutoka usawa wa chini uliokubaliwa na wachora ramani za bahari, karibu na kiwango cha chini kabisa ambacho maji hufika. Kwa hiyo 0.2 ni maji yaliyokupwa sana, na haina maana kwamba kuna sentimita ishirini za maji mbele yako. Kilindini, bamvua ya kawaida hushuka hadi kama mita 0.3 na kupanda hadi 3.5 au zaidi. Maji mafu hushuka hadi kama 1.3 tu na kupanda hadi 2.4. Kwa atakaye vidimbwi, tafuta siku ambazo kupwa ni 0.5 au chini ya hapo. Kati ya 0.5 na 0.9 utaona sehemu za juu na za kati za mwamba, na watoto watafurahi. Ikiwa 1.2 au zaidi, nenda ukale mahamri.

Makosa ya kusoma ni machache lakini hurudiwa kila msimu. La kwanza ni saa: 10:30 ya jedwali ni saa nne na nusu asubuhi. La pili ni programu iliyoachwa kwenye saa za Greenwich, ambayo itakuandikia 07:30 kwa kupwa kulekule. Tofauti ya saa tatu inatosha kukufikisha mwambani wakati maji bado yanashuka katikati. La tatu ni futi badala ya mita. Kuna pia njia ya kujikagua: siku ya bamvua, kama programu yako inadai kupwa ni saa moja na nusu asubuhi au saa kumi jioni, mipangilio yake ina kasoro.

Hatari iko nyuma yako

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya tofauti yote ya kujaa na kupwa mafungu kumi na mawili. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Chukua bamvua kubwa: kupwa mita 0.2 saa nne na nusu asubuhi, kujaa mita 3.8. Tofauti ni mita 3.6, na kila fungu ni sentimita 30. Saa tano na nusu maji yapo 0.5 na hakuna aliyeona mabadiliko. Saa sita na nusu yapo 1.1. Saa saba na nusu yapo 2.0. Saa hiyo ya tatu imeongeza sentimita 90, na ndiyo inayowakamata watu, kwa sababu saa ya kwanza iliwadanganya.

Sasa ongeza umbo la pwani yetu. Sehemu nyingi, kuanzia ufukweni kwenda nje, kuna mchanga, kisha bonde la maji tulivu lenye nyasi za baharini, kisha mwamba wa nje unaopasuliwa na mawimbi. Mwamba wa nje uko juu kuliko bonde. Mtu huvuka bonde maji yakiwa magotini, akapanda mwambani, akainama juu ya vidimbwi kwa saa mbili. Pale aliposimama ni pakavu kabisa. Lakini bonde alilovuka, lililokuwa na kina cha sentimita 40 wakati wa kupwa, saa mbili baadaye lina mita 1.3, na mkondo unapita ndani yake kuelekea mlango wa karibu, yaani pengo katika mwamba wa nje. Nusu saa zaidi na mtu mzima hafiki chini.

Kwa hiyo toka mapema. Ondoka ufukweni saa moja na nusu hadi mbili kabla ya kupwa, uyafuate maji yanavyorudi, ufike mwisho wa safari yako kama dakika ishirini kabla ya wakati wenyewe. Yakigeuka, nawe geuka. Mwenye watoto aanze kurudi dakika ishirini kabla ya kupwa, si baada. Weka kengele ya simu ukiwa bado nchi kavu, kwa sababu huko mwambani hakuna anayekumbuka saa. Na usiupe mgongo ukingo wa nje: hata siku tulivu mawimbi huja kwa makundi, na wimbi moja kubwa hufuata madogo mengi.

Mwamba wenyewe ni matumbawe ya kale. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo na matumbawe yakajenga mwamba; bahari iliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Mawe ya aina hiyo ndiyo yaliyojengea nyumba za kale za Lamu na Mombasa, na Fort Jesus imekaa juu ya ukingo wake. Mvua huyeyusha jiwe hilo la chokaa kidogokidogo na kuacha ncha kali kama wembe. Malapa hayafai hapo. Raba kuukuu yenye soli nene na mfuniko wa vidole inatosha. Gikomba utaipata kwa bei ya chakula cha mchana, na ikikatika huna cha kulilia. Chagua yenye soli laini ya mpira, kwa sababu plastiki ngumu huteleza juu ya mwani wa kijani.

Nani anaishi wapi, na kwa nini

Ukitembea kutoka ukingo wa juu kushuka baharini, wanyama hubadilika kwa mikanda, na mikanda hiyo unaiona kwa macho kabla hujamjua mnyama hata mmoja. Kwa kawaida mpaka wa juu wa mnyama huwekwa na ukavu na joto: juu ya hapo atakauka. Mpaka wake wa chini mara nyingi huwekwa na maadui na washindani: chini ya hapo ataliwa au atanyang'anywa nafasi. Ukishika kanuni hiyo, mwamba mzima unasomeka.

Pwani yetu ina ukatili wake wa pekee. Kwa kuwa bamvua hupwa asubuhi kuelekea adhuhuri, mwamba unaanikwa saa zilezile jua linapopanda utosini. Katika pwani ambako kupwa kukubwa hutokea alfajiri na jioni, wanyama wana nafuu. Hapa hawana, na mbinu zao zinaonyesha.

Juu kabisa, ambako hufika marasharasha ya mawimbi tu, kuna vikonokono vidogo visivyozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Mtazame mmoja kwa karibu, uso wako ukiwa shubiri moja kutoka kwenye jiwe. Hajashika mwamba kwa mguu wake. Mguu ameuvuta ndani, mlango ameufunga, na kombe limening'inia kwa uzi wa ute uliokauka kwenye ukingo wa mdomo. Ameachana na jiwe makusudi, kwa sababu jiwe ndilo linalopika. Ukimgusa, ute unakatika na anaanguka, na akiangukia mahali pa jua tupu hataweza kujishika tena mpaka maji yarudi. Ndiyo maana mikono ibaki mifukoni katika mkanda huu.

Chini yake kuna konokono weusi wa mviringo wenye meno mdomoni mwa kombe, ambao hujificha katika nyufa na hubeba maji kidogo ndani yao. Kisha mkanda wa chaza walioganda mwambani, kingo zao kali kuliko jiwe lenyewe. Majeraha mengi ya siku hutokea hapa, si kwa meno ya mnyama yeyote. Katika mapango madogo chini ya ukingo utaona samaki wembamba wa kahawia wakirukaruka juu ya jiwe lililolowa. Hawajapotea njia. Wanavuta hewa kupitia ngozi ikiwa bado na unyevu, na wanakwangua mwani.

Vidimbwi vyenyewe havifanani. Kidimbwi cha juu hutembelewa na bahari saa chache tu, na siku za maji mafu kinaweza kukaa bila maji mapya kabisa. Jua hupasha maji yake moto, mvuke hutoka, chumvi inabaki. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Kidimbwi cha juu kinaweza kupita kiwango hicho kwa mbali, kisha mvua moja ya masika ikakigeuza kuwa karibu maji baridi. Mchana mwani hutengeneza oksijeni hadi vipovu vinaonekana juu ya majani. Usiku mwani na wanyama wote huvuta oksijeni bila kuirudisha, na maji yanakuwa na tindikali zaidi. Wanaostahimili hayo ni wachache, kwa hiyo kidimbwi cha juu kikionekana kitupu, hakijafa. Usipoteze muda nacho, shuka.

Utajiri uko katika vidimbwi vya chini, vinavyofunuliwa saa moja au mbili tu siku za bamvua. Huko maji ni ya joto la bahari, kati ya nyuzi 25 na 30 kutegemea msimu, na ndani kuna matumbawe hai, anemoni, majongoo bahari, viti vya pweza (nyota wa baharini), simbi (konokono wa kauri), na samaki wadogo ambao wakikua watahamia mwamba wa nje. Simbi akiwa hai hang'ai kama wa dukani, kwa sababu amelifunika kombe lake kwa nyama yake yenye vinyweleo. Gusa maji karibu naye na nyama inarudi ndani taratibu, na mng'ao unafunguka.

Pweza humtafuti kwa kumwangalia yeye. Tafuta tundu lenye takataka mlangoni: makombe yaliyopasuliwa, magamba ya kaa, mawe madogo yaliyopangwa. Kama makombe bado yana rangi safi na hayajaota mwani, mwenyewe yumo. Kaa kimya mbali kidogo na utaona jicho. Akina mama na wazee wa vijiji vya pwani huwasoma pweza hivyohivyo siku za bamvua, na mtoto wa Nairobi atakayetembea na mmoja wao kwa saa mbili atajifunza zaidi kuliko kwenye kitabu chochote. Lipa kwa haki. Huo ni utaalamu.

Kutazama bila kuharibu

Jambo la kwanza ni kivuli. Samaki na kaa huona kivuli kabla ya uso, kwa hiyo usogelee ukiwa umelielekea jua, upate mwanga machoni ila kivuli kiangukie nyuma yako. Miwani ya jua inayokata mng'ao husaidia sana. Kisha keti na usitikisike kwa dakika tano. Dakika ya kwanza utaona mwani. Ya pili kamba wa kioo wanaanza kutembea. Ya nne, "konokono" mmoja anakimbia, na unagundua kwamba ni kaa mdogo ndani ya kombe la kuazima. Huyo ndiye sababu ya kuacha makombe matupu pale yalipo: kila anapokua huhitaji nyumba kubwa zaidi, na akiikosa tumbo lake laini linabaki wazi.

Chombo cha plastiki angavu chenye chini bapa, kikikandamizwa juu ya maji, huondoa mawimbi madogo na kukupa dirisha. Usibebe chupa za maji za kutupwa: tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa nchini, na mbuga za bahari zimo.

Jiwe unaweza kuligeuza, lakini liwe la kuinuliwa kwa mkono mmoja, na liwe limelala huru. Linyanyue upande wa mbali ukiliegemeza kwako, ili kilichomo kikitoka kisije miguuni mwako. Tazama nusu dakika, kisha lirudishe vilevile, upande uleule chini. Chini ya jiwe kuna sifongo na mayai ambayo jua la saa tano huyaua kwa dakika chache, na juu kuna mwani usioweza kuishi gizani. Jiwe lililoachwa limepinduliwa huua pande zote mbili.

Kiti cha pweza chenye nundu nyekundu ndicho kinachopata taabu kubwa kuliko wote, kwa sababu ni kizuri na hakikimbii. Watalii huwekewa mkononi kwa ajili ya picha, mmoja baada ya mwingine. Hutembea na kujishikilia kwa mamia ya miguu midogo ya mirija iliyojaa maji; ukiking'oa kwa nguvu miguu inakatika, na kikikaa hewani kinaanza kukauka. Piga picha kikiwa majini, inatoka vizuri zaidi hata hivyo. Mikono iliyopakwa dawa ya mbu au mafuta ya jua isiingie kidimbwini kabisa. Ndoo tatu za maji haziwezi kuchuja hayo. Vaa shati la mikono mirefu.

Usikanyage matumbawe hai. Tumbawe la umbo la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa ngumi unachokivunja kwa hatua moja ni cha umri wa mtoto wa shule.

Nungu wa baharini, wale viumbe mviringo waliojaa miiba, wana habari zaidi ya kuchoma. Wale wadogo wanaochimba vijishimo mwambani hula mwani na kukwangua jiwe pamoja nao. Wakiwa wachache hawana neno. Wakijaa, mwamba unaliwa na matumbawe machanga hayapati pa kushika. Anayewapunguza ni samaki, hasa kikande, mwenye meno ya kuvunja miiba. Mwanasayansi Tim McClanahan, ambaye amefanya kazi katika miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, alionyesha kwamba kikande wanapovuliwa kupita kiasi nungu hufurika, na eneo likifungwa kwa uvuvi kikande hurudi na nungu hupungua. Kwa hiyo ukifika mahali ambapo kila shimo lina nungu na samaki hawaonekani, umeshaisoma hali ya uvuvi wa pale bila kumuuliza mtu. Kuruwitu, kaskazini ya Mombasa, wavuvi wenyewe waliamua katikati ya miaka ya 2000 kufunga sehemu ya bahari yao, wakaiita tengefu, na tofauti ndani na nje ya mpaka inaonekana.

Vinavyodhuru, na la kufanya

Hawa si wengi, na karibu wote hudhuru wakikanyagwa au kushikwa. Konokono wa umbo la koni, mwenye kombe refu lililochorwa vizuri, ana mshale wenye sumu anaourusha kupitia ncha nyembamba ya kombe, na aina chache zimewahi kuua watu. Hakuna njia salama ya kumshika. Akikuchoma, funga kiungo chote kwa bendeji pana kwa mkazo wa wastani, kisitikisike, na upelekwe hospitali mara moja hata kama maumivu ni madogo, kwa sababu sumu hulegeza misuli ya kupumulia. Hakuna dawa ya kuitangua. Anayeokoka husaidiwa kupumua mpaka iishe mwilini.

Samaki jiwe hulala bila kutikisika, amefunikwa na mwani, na miiba ya mgongoni hupenya soli nyembamba. Hapa maumivu ni makali tangu mwanzo. Tumbukiza mguu katika maji ya moto ya kama nyuzi 45, si zaidi, kwa dakika 30 hadi 90, kwa sababu joto huharibu sumu hiyo. Maji yapimwe kwa mguu usiochomwa au na mtu mwingine; mguu uliochomwa hauhisi na utaungua. Kisha hospitali. Maji ya moto hufaa pia kwa miiba ya nungu wa baharini: chomoa inayotokeza, iache iliyokatikia ndani, usichimbe kwa sindano, na kama imeingia kwenye kiungo mwone daktari. Mikwaruzo ya matumbawe na chaza huonekana midogo, huoza haraka. Isugue kwa sabuni na maji safi siku hiyohiyo. Usitie mkono katika tundu usiloliona ndani, maana mkunga, samaki wa umbo la nyoka, naye anakaa humo.

Kuhusu sheria, jua uko wapi. Malindi na Watamu zilitangazwa mbuga za bahari mwaka 1968. Mombasa na Kisite zikafuata baadaye. Ndani ya mbuga huchukui chochote, hata kombe tupu, na kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori, hulipwa kwa eCitizen wala si kwa noti langoni. Katika hifadhi zinazozizunguka mbuga hizo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, ndiyo maana utaona mtu ana pweza kwenye fimbo mita chache kutoka mpaka na hajavunja sheria. Nje ya hapo ufuo husimamiwa na kamati za wavuvi, BMU, na kuwasalimu kwanza ni adabu na pia ni njia ya kupata mwenyeji.

Msimu na matope ya Sabaki

Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Oktoba, upepo husukuma mawimbi mwambani, maji huwa na vumbi la mchanga, na kupwa kwa jedwali kunaweza kuonekana kudogo kuliko kulivyoandikwa kwa sababu upepo unazuia maji kurudi. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Bamvua za Februari na Machi ndizo za kutilia fedha.

Isipokuwa Malindi, ambako kaskazi ina doa lake, na doa hilo Nairobi ina mkono ndani yake. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikipita Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Udongo wa mashamba ya nyanda za juu na uchafu wa jiji husafiri nao. Tumbawe moja la Malindi lenye umri wa kama miaka 300 lilipopimwa, tabaka zake zilionyesha udongo ukiongezeka sana kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, kilimo kilipopanuka bara. Wakati wa kusi mkondo huyapeleka matope hayo kaskazini, mbali na mbuga. Wakati wa kaskazi huyarudisha kusini, juu ya matumbawe ya Malindi. Matumbawe hayo hayakuwa na akiba: joto la bahari la mwaka 1998, wakati wa El Niño, liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na kupauka kumerudi mara kadhaa tangu hapo.

Kwa mpangaji safari maana yake ni hii: mvua za vuli zikiwa kubwa Machakos na Kiambu mwezi Novemba, usiweke matumaini ya maji angavu Malindi Desemba na Januari. Shuka Watamu, au nenda kusini kabisa, Tiwi na Wasini, ambako Sabaki haifiki. Tiwi ina kidimbwi kikubwa mwambani chenye umbo la bara la Afrika, na maji yakijaa hakionekani kabisa, kwa hiyo turudi kwenye jedwali: 0.5 au chini, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, uwe umeshafika mchangani saa tatu asubuhi.